Bwana Alinivusha Miezi ya Kusubiri Majibu

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye usiku huu hajalala, amejifunika shuka mpaka kichwani, anapekua simu kutafuta dalili za Ukimwi na kila dalili anayoisoma anaiona mwilini mwake. Mwaka 2019 mtu huyo nilikuwa mimi, hapa hapa Bariadi. Jina langu sitalitaja kwa sababu nina mtoto anayesoma na mji wetu watu tunajuana. Mengine nitayasema kama yalivyokuwa.

Mwaka huo maonyesho ya wakulima ya Nane Nane kitaifa yalifanyika tena kwetu, kwenye viwanja vya Nyakabindi, kama mwaka uliotangulia. Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa 2012 tu, ukamegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, kwa hiyo kupokea wageni wa nchi nzima lilikuwa jambo kubwa kwetu. Mimi nilikuwa mama lishe. Mume wangu alikuwa amefariki kwa ajali ya pikipiki, nikarudi kwa mama na mwanangu wa kiume, na sufuria ndizo zilizokuwa zinatusomesha na kutulisha. Nilijenga kibanda cha turubai karibu na maonyesho, nikawa napika wali, maharage na samaki kutoka Lamadi.

Kati ya waliokuja kula alikuwepo kijana niliyesoma naye sekondari. Alikuwa amekuja kutoka Maswa na mashine za kampuni aliyofanyia kazi. Tulikumbushana walimu, tukacheka. Jioni alinisaidia kubeba sufuria. Nilikuwa mjane kwa muda mrefu, na nitasema ukweli mbele za Mungu, nilifurahi kuonekana tena kama mwanamke. Usiku wa kilele cha sherehe tulikuwa pamoja. Hakukuwa na kinga, na hakuna aliyeiulizia. Ni usiku huo mmoja tu.

Kesho yake mchana nilipita karibu na banda moja walilokuwa wanapima VVU bure. Kulikuwa na kipaza sauti. Enzi hizo kampeni ya Furaha Yangu, iliyozinduliwa Dodoma Juni 2018, ilikuwa bado inasikika kila mahali, ikiwahimiza hasa wanaume wapime. Nikasimama. Nikajiuliza kama yule niliyelala naye alishawahi kupima. Nikampigia. Akacheka, akasema, "Mimi mzima bwana, kwani hunioni?"

Nilikuwa nimemwona. Alikuwa na afya, ana mashavu, anatembea vizuri. Na moyo wangu ukakataa kutulia.

Jioni ile nikaingia duka moja la dawa. Nikamweleza muuzaji kwa kuzungukazunguka, na nadhani alinielewa, maana aliinama akasogea karibu. Akaniuzia vidonge vya rangi mbili, akasema vitanisafisha, halafu nisubiri miezi mitatu ndiyo nikapime. Nikalipa. Nikavimeza vyote kwa imani. Saa zilizobaki zikapotea hapo, na sikujua kwamba kulikuwa na saa za kuhesabu.

Wiki zikapita. Maonyesho yakaisha, mabanda yakabomolewa, nikarudi kupikia sokoni. Yule kijana akaacha kupokea simu zangu. Kisha siku moja mteja mmoja mwenye ndugu Maswa akamtaja mwenyewe, bila mimi kuuliza. Akasema, "Yule si mkewe alikufa mwaka juzi? Alikonda yule mama, we acha tu." Aliendelea kula. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauweka chini, nikaenda nyuma ya kibanda, nikachuchumaa.

Baada ya hapo mwili wangu ukawa adui. Homa ilianza jioni. Kichwa. Viungo. Nikahisi tezi shingoni upande wa kushoto. Nikaziminya mpaka zikauma kweli. Nikaanza kuharisha. Usiku nilikuwa nawasha tochi ya simu, nashika kipande cha kioo, naangalia ulimi wangu kama una utando mweupe. Nilikuwa nauona. Kesho yake siuoni. Usiku unaofuata nauona tena.

Nilitenga kikombe changu. Nikatenga kijiko. Shuleni tulifundishwa kwamba VVU haviambukizi kwa kikombe wala sahani wala kushikana mikono, na nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata. Lakini hofu haikuwa inasikiliza. Mwanangu alikuwa akija kunikumbatia, namsogeza. Aliniuliza, "Mama, nimekosa nini?"

Sikumjibu.

Sikuweza kuomba. Nilikuwa napiga magoti, maneno hayaji. Jumapili nilikuwa nakaa benchi la nyuma, natoka kabla ya ibada kuisha ili nisisalimiane na mtu. Nilishaanza kupanga nani atamlea mwanangu. Nilipanga nguo zake kwenye sanduku. Nilimwomba Mungu nisiamke. Nililisema ombi hilo kwa sauti, gizani, mama yangu akiwa amelala upande wa pili wa ukuta. Halafu nikaogopa kwamba Mungu amelisikia. Nikakaa macho mpaka jogoo.

Kama uko hapo sasa, mwamshe mtu. Yeyote anayekupenda, hata kama ni saa nane za usiku.

Mimi sikumwamsha mtu. Walioniona ni watu wa nyumbani. Mama hakuniuliza mambo mengi. Alinitazama kwa siku kadhaa, kisha akampigia simu shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeishi Itilima. Shangazi alifika na basi la mchana, kikapu kichwani, ndani kuna michembe na karanga mbichi. Alisalimia nyumba nzima, akala, akamsikiliza mwanangu akisoma daftari lake. Usiku akasema atalala chumbani kwangu.

Taa ilipozimwa akasema, "Haya, mwanangu. Sema."

Nikasema yote. Nililia mpaka sauti ikakauka. Shangazi hakunikatisha. Nilipomaliza akawasha taa, akavuta pochi yake, akatoa kopo jeupe la plastiki. Akafungua. Lilikuwa na vidonge. Akachukua kimoja, akakimeza kwa maji ya kwenye kikombe changu, kile kile nilichokuwa nimekitenga.

"Mimi ninao," akasema. "Miaka mingi sasa. Baba yako alijua, mama yako anajua."

Sikuwahi kujua. Huyu ni mtu niliyemwona kila msimu akilima pamba ekari kwa ekari, akipalilia, akivuna, akipigania bei na mizani wakati wa kuuza. Alinieleza kwamba aliumwa sana 2006, ndugu wa mumewe wakaanza kugawana hata mbuzi. Alianza dawa akiwa anabebwa. Mumewe alikataa kupima kabisa mpaka mwaka uliofuata, Julai 2007, Rais Kikwete na Mama Salma walipopima hadharani Dar es Salaam, viwanja vya Mnazi Mmoja, kuzindua upimaji wa hiari nchi nzima. Redio ilitangaza siku kutwa. Mumewe akasema kama Rais kachomwa kidole, na yeye ataenda. Akakutwa hana. Wameishi pamoja mpaka leo na bado hana.

Nikamuuliza inawezekanaje. Akasema dawa zikinywewa bila kukosa, virusi hufubaa mpaka kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, na mtu aliyefikia hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili sasa linajulikana dunia nzima na linafundishwa kwenye kliniki zetu za tiba na matunzo, CTC. Lakini mimi nililisikia mara ya kwanza kutoka kwa shangazi yangu, chumbani, saa sita za usiku.

Asubuhi alinishika mkono tukaenda hospitali ya Somanda. Nilitaka kurudi nyumbani kuanzia getini. Alinishika kwa nguvu, nikaona aibu kumvuta mwanamke mzee mbele za watu.

Aliyetupokea chumba cha ushauri nasaha alikuwa muuguzi wa makamo. Alifunga mlango, akasema lolote nitakalosema litabaki humo, kwamba hata sheria ya Ukimwi ya 2008 inalinda siri ya anayepima. Kisha akauliza. Ilikuwa lini? Alikuwa mwanaume unayemfahamu? Mlitumia kinga? Ulikuwa na kidonda, muwasho, uchafu unaotoka? Ameshatahiriwa? Una hedhi lini? Hilo la mwisho lilinishtua. Katika hofu yote ya Ukimwi, mimba sikuwahi kuiwaza.

Hakuniuliza kwa nini.

Alinifafanulia mambo ambayo natamani mwanamke yeyote wa Simiyu angeyajua kabla ya kuyahitaji. Kwanza, ipo dawa ya kuzuia maambukizi baada ya mtu kuwa hatarini, wao wanaiita PEP. Ni dawa zile zile za kufubaza virusi, unakunywa kila siku kwa siku 28. Lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu, kwa hiyo bora saa ya pili kuliko ya sabini. Baada ya hapo haisaidii tena. Nikakumbuka lile banda la kupimia, na lile duka la dawa. Nilikuwa bado ndani ya muda nilipotoka dukani na vidonge vyangu vya rangi mbili, ambavyo kwa VVU havifanyi chochote. Nililia tena pale. Akanipa muda.

Pili, akasema tendo moja na mtu mwenye virusi haliambukizi kila mara. Wataalamu wanakadiria kwamba kwa njia ya kawaida ya mwanamke na mwanaume, kwa wastani, uwezekano kwa tendo moja uko chini ya moja katika mia. Lakini akanionya nisilalie wastani huo, kwa sababu yapo mambo yanayoupandisha sana: vidonda, magonjwa mengine ya ngono, na zaidi ya yote mwenzako akiwa ameambukizwa karibuni na hajaanza dawa, maana hapo virusi ni vingi mno katika damu yake na yeye mwenyewe hajijui. "Anayekunywa dawa vizuri si wa kumwogopa," akasema. "Ni yule anayekwambia yeye mzima kwa kujitazama kwenye kioo."

Tatu, homa yangu, tezi zangu, ulimi wangu, havikuwa ushahidi wa kitu. Dalili za mwanzo za VVU zinafanana na za mafua, za malaria, za uchovu, na wengi hawaoni dalili kabisa. Hakuna anayejua kwa kujikagua.

Basi akapima. Alifuta kidole changu kwa spiriti, akachoma. Damu ikatoka tone moja, nyeusi kidogo. Akaivuta, akaidondoshea kwenye kile kipande cheupe cha plastiki, akaongeza tone la dawa. Akanipa pamba nikandamize. Tone lilianza kupanda taratibu kwenye kidirisha, likiacha wekundu nyuma yake. Mstari wa kwanza ukatokea, ule wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi. Nikapakodolea macho mahali pa mstari wa pili. Dakika kumi na tano. Shangazi alikuwa anaomba kwa Kisukuma, chini chini, na mimi sikusikia hata neno. Pamba ilikuwa imelowa jasho la mkono wangu kuliko damu.

Mstari wa pili haukuja.

Nilitaka kusimama niondoke. Muuguzi akanirudisha kitini. Akasema kipimo hiki hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo, na kinga hizo huchukua wiki kadhaa, kwa wengine mpaka miezi mitatu, kufikia kiasi cha kuonekana. Majibu ya leo ni mazuri, lakini si ya mwisho. Nirudi Novemba.

Siku hiyo hiyo walinipima malaria. Ilikuwepo. Homa zote zile, jioni baada ya jioni, ilikuwa malaria, na sikuwa nimeenda kupima kwa sababu nilishajihukumu. Walinipa dawa ya mseto. Mimba haikuwepo. Kaswende haikuwepo. Lakini nilikuwa na uchafu uliohitaji matibabu ya magonjwa ya ngono, nikatibiwa, nikaambiwa mwenzangu naye atafutwe atibiwe. Baadaye nilisoma kwamba miaka ya mwanzo ya 1990, hapa hapa jirani, vijijini mkoani Mwanza, watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa asilimia 40 hivi. Sisi tunaona aibu kwenda zahanati kwa muwasho. Aibu hiyo inatuua, na nasema hivi kwa uchungu.

Kuanzia hapo mpaka Novemba ilikuwa ngumu, lakini haikuwa kama mwanzo. Homa ilikata. Nikala. Nikamrudishia mwanangu kumbatio lake, nikamwambia hakukosa kitu. Kulikuwa na siku nzuri, halafu usiku mmoja naamka nimelowa, mkono uko shingoni. Shangazi alikuwa anapiga simu kabla ya kulala, tunaomba pamoja kwa simu, yeye anamaliza kwa kuniambia ameshameza kidonge chake. Akina mama wa kanisani waliniona nimerudi benchi la mbele, hawakuuliza. Mmoja aliniletea unga tu. Mungu hufanya kazi kupitia watu wa namna hiyo.

Niliendelea kumtafuta yule kijana, sasa si kwa kumlaumu. Nilimtumia ujumbe kwamba akatibiwe na akapime. Aliusoma. Hakujibu. Mke wake alikufa kwa nini, sijui mpaka leo, na nimeacha kuuliza. Kukonda si ugonjwa. Watu hukonda kwa kansa, kwa kifua kikuu, kwa kisukari, kwa majonzi, na marehemu hawezi kujitetea kwenye meza ya mama lishe.

Novemba nikarudi Somanda, shangazi kando yangu, mama naye safari hii. Chumba kile kile, pamba, kipande kile cheupe. Nilifumba macho. Muuguzi akaniambia, "Fumbua, uone mwenyewe." Nikafumbua.

Mstari mmoja.

Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema neno tangu mwanzo, alipiga magoti sakafuni pale chumbani. Mimi nilibaki nimekaa. Furaha ilikuja baadaye, jioni, nikiwa naosha vyombo. Ilinijia ghafla mpaka nikashika beseni.

Nashukuru. Nashukuru kila siku. Lakini sitaki mtu asome ushuhuda huu akadhani Mungu alinipenda mimi kuliko shangazi yangu. Yeye alipata mistari miwili, na Mungu yule yule amemvusha, analima, ana wajukuu, virusi vimefubaa, mumewe mzima. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima nchini wana VVU. Hao ni watu tunaokaa nao kwenye mabasi na mabenchi ya kanisa. Wengi wao wanakunywa dawa, bure, na wanaishi. Kama majibu yako yatakuwa hivyo, utaanza dawa mapema, na kuanza mapema ndiyo kuishi.

Na mimi bado nikipata homa, kabla sijafikiria malaria, mkono unaenda shingoni wenyewe. Sijui kama utaacha.

Mambo yamerahisishwa kidogo tangu wakati wangu. Mwezi ule ule niliopata majibu ya mwisho, Novemba 2019, Bunge lilibadilisha sheria, mtu akaruhusiwa kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi ukashushwa mpaka miaka 15. Kama unaona aibu ya geti la hospitali, ulizia kipimo cha kujipima. Ila kumbuka nacho kina miezi yake: ukijipima wiki moja baada ya tukio, hakiwezi kukuambia kitu. Na kikionyesha una maambukizi, lazima uthibitishwe na mtaalamu kituoni kabla hujajiandikia hukumu.

Kama tukio lako lilikuwa wiki au miezi iliyopita, kapime sasa, waulize tarehe ya kurudi, urudi. Waambie wapime na malaria, kaswende, na mimba kama wewe ni mwanamke. Ukikosa wa kuongea naye, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Na kama ilikuwa jana, au juzi, weka simu chini. Saa 72 hazijaisha. Vaa nguo, nenda hospitali saa hii, hata kama ni usiku, usipitie duka la dawa. Ukifika sema, "Nimekuwa hatarini, nahitaji PEP." Wakikuuliza lini, taja saa.